Je, Ni Jina Jipya au Ni Kitu Kipya? Kiswahili na Ugeuzaji wa Skima za Hifadhidata

Kwa miaka mingi mjadala kuhusu Kiswahili na teknolojia umekuwa mjadala wa majina. Wapo waliotetea tarakilishi, wapo walioridhika na kompyuta, na wapo waliopendekeza ngamizi. Wapo wasemao hifadhidata na wapo, hasa nchini Tanzania, wasemao kanzidata. Mjadala huo haukuwa wa bure. Ndio uliotayarisha njia kwa kazi kama ile ya mradi wa KiLinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambao mwaka 2004 ulitoa programu za ofisi kwa Kiswahili kwa jina la Jambo OpenOffice. Hata hivyo, mtu aliyeketi mbele ya tarakilishi iliyogoma hatatuliwi shida yake na nomino. Anachohitaji ni sentensi: ni nini kimetokea, kimetokea kwa sababu gani, kifanyike nini sasa, na ni nini ambacho hakipaswi kufanywa kabisa.

Makala haya yanadai kwamba mahali Kiswahili kinapohitajika zaidi katika taaluma ya tarakilishi ni katika kutambua na kuondoa hitilafu, wala si katika orodha za istilahi pekee. Mfano unaotumiwa ni kazi ya kugeuza skima za hifadhidata katika viunzi vya kuundia programu za wavuti, na mahali pa kuitazamia kazi hiyo ni Kabras, katika Kaunti ya Kakamega. Mahali hapo pamechaguliwa kwa sababu historia ya majina yake inadhihirisha kwamba baadhi ya maswali yanayodhaniwa kuwa ya wahandisi ni maswali ya lugha.

Skima na mabadiliko yake

Hifadhidata huweka habari katika majedwali. Kila jedwali lina safu zenye majina, kwa mfano jina, mwaka wa kuzaliwa, wilaya, tarafa. Mpangilio huo wa majedwali, safu na uhusiano wake ndio skima. Mahitaji ya watu yanapobadilika, skima nayo hulazimika kubadilika, ilhali habari za maelfu ya watu tayari zimo ndani. Kugeuza skima ni kubadilisha nguzo za nyumba huku wenyeji wakiendelea kulala humo.

Katika viunzi vya wavuti kazi hii hufanywa kwa faili maalumu zinazoeleza hatua moja baada ya nyingine. Mfano mzuri ni kiunzi cha Django, kilichoanza kuandikwa mwaka 2003 katika gazeti moja la mji wa Lawrence, jimbo la Kansas, Marekani, na kutolewa kwa umma mwaka 2005. Mwanzoni Django haikuwa na njia yake yenyewe ya kugeuza skima. Mwaka 2008 Andrew Godwin alitoa nyongeza iitwayo South, na mwaka 2014 toleo la 1.7 likaiingiza kazi hiyo ndani ya kiunzi chenyewe. Tangu hapo mwanafunzi anayejifunza Django hukutana na amri mbili mapema sana: ya kwanza huandika faili za mabadiliko, na ya pili huyatekeleza mabadiliko hayo katika hifadhidata.

Isidhaniwe kwamba kazi hii ni ya mbali. Mashariki mwa Kabras, mjini Eldoret, mfumo wa rekodi za wagonjwa uitwao OpenMRS ulianza kutumika mwaka 2006. Waasisi wake walijua kwamba kliniki huongeza maswali mapya kila mara. Hivyo waliunda kile walichokiita kamusi ya dhana: kila ugonjwa, kipimo na swali huingizwa kama kidahizo cha kamusi badala ya kuongezewa safu mpya katika jedwali. Hilo si jambo dogo kwa msomi wa leksikografia. Wahandisi walipotaka kupunguza adha ya kugeuza skima, walichokiendea ni kamusi. Lakini kamusi hiyo haikuondoa haja yote ya mabadiliko, kwa maana safu za anwani, majina na tarehe bado ni safu.

Majina ya Kabras

Kabla ya Katiba iliyotangazwa rasmi tarehe 27 Agosti 2010, anwani ya mtu wa Kabras iliandikwa kwa ngazi zilizozoeleka: Mkoa wa Magharibi, Wilaya ya Kakamega, Tarafa ya Kabras, kisha kata na kata ndogo. Baadaye kukawa na Wilaya ya Kakamega Kaskazini. Baada ya uchaguzi wa tarehe 4 Machi 2013 serikali za kaunti 47 zilianza kazi, na ngazi zikawa kaunti, kaunti ndogo na wadi. Eneo la ubunge la Malava lina wadi saba: Kabras Magharibi, Kabras Mashariki, Kabras Kusini, Chemuche, Butali/Chegulo, Manda-Shivanga na Shirugu-Mugai. Wakati huohuo, katika sensa ya mwaka 2019, sehemu hiyo ilihesabiwa kama kaunti ndogo ya Kakamega Kaskazini. Mkulima mmoja wa miwa, ambaye hajahama hata hatua moja kutoka shambani mwake, anaweza kuwa ameandikwa kuwa mtu wa Kabras, wa Malava, wa Kakamega Kaskazini na wa Butali, na maandishi yote hayo yakawa ya kweli.

Majina mengine yamebaki yaleyale huku maana yakibadilika. Kakamega iliyoandikwa kama wilaya miaka ya 2000 si Kakamega iliyo kaunti leo, kwa sababu kaunti inajumuisha pia Butere, Mumias na Lugari, ambazo wakati huo zilikuwa nje ya wilaya hiyo. Neno ni moja, kirejelewa ni tofauti.

Aidha, kuna mtego wa lahaja za kiutawala. Nchini Kenya kata ni eneo la chifu, nayo kata ndogo ni ya naibu wake. Nchini Tanzania kata ni ngazi ya diwani, yaani kile ambacho Kenya huita wadi. Mtayarishaji wa programu anayechukua fomu iliyobuniwa Mwanza na kuitumia Malava bila kuichunguza atakuwa na safu iitwayo kata, na kila karani ataijaza kwa uhakika kamili, na yote yaliyomo yatakuwa ya ngazi isiyokusudiwa. Tarakilishi haitalalamika. Kwake kata ni herufi nne tu.

Swali moja, jibu la kitufe kimoja

Chukuliwe mfano wa programu ya kuorodhesha wanafunzi wanaoomba basari. Iliundwa wakati wa wilaya na tarafa, na sasa inatakiwa iendane na kaunti ndogo na wadi. Kijana aliyepewa kazi anafungua faili ya programu, anafuta neno tarafa, anaandika wadi, kisha anatoa amri ya kuandika faili ya mabadiliko. Django ikiona kwamba safu moja imetoweka na nyingine ya aina ileile imejitokeza, humwuliza swali kwa Kiingereza: je, safu hii mpya ndiyo ile ya zamani iliyopewa jina jingine? Mwishoni mwa swali huonyeshwa herufi mbili za kuchagulia, na ile ya kukana ndiyo kubwa. Maana yake ni kwamba anayebonyeza kitufe cha Enter bila kuandika chochote amejibu hapana.

Jibu la hapana lina matokeo mazito. Kiunzi kitaandika hatua mbili: kuondoa safu ya tarafa pamoja na yote yaliyomo, na kuongeza safu ya wadi iliyo tupu. Amri ya pili ikitekelezwa, yaliyokuwa katika safu ya zamani hayapo tena. Jibu la ndiyo nalo lina hatari yake: safu itabadilishwa jina, habari zitabaki, na wanafunzi wote wataonekana kuwa wa wadi iitwayo Kabras, wadi ambayo haipo.

Hapa ndipo kiini cha hoja kilipo. Swali hilo si la uhandisi. Ni swali la semantiki: je, maneno haya mawili ni visawe, au kila moja lina fasili yake? Wilaya ya Kakamega Kaskazini na kaunti ndogo ya Kakamega Kaskazini zinaweza kuchukuliwa, kwa orodha nyingi, kuwa kitu kimoja kilichobadilishwa jina; jibu ni ndiyo. Tarafa na wadi ni vitu viwili. Jibu ni hapana, lakini hapana isiyoruhusu safu ya zamani kufutwa kabla habari zake hazijatumika. Njia salama ni kuiacha tarafa mahali pake, kuongeza wadi kama safu inayoruhusiwa kuwa tupu, kuijaza kwa kufuata kata na kata ndogo ya kila mwanafunzi, kuikagua pamoja na watu wanaoyajua maeneo hayo, na mwisho kabisa ndipo safu ya zamani iondolewe. Hatua hizo huandikwa katika faili tofauti ili moja ikikwama nyingine isiharibike.

Mashahidi watatu

Hitilafu nyingine za kazi hii nazo zinaelezeka kwa lugha ya kawaida, mradi kanuni moja ieleweke. Katika Django kuna mashahidi watatu. Wa kwanza ni faili ya programu, inayosema skima inavyotakiwa iwe. Wa pili ni mfululizo wa faili za mabadiliko, unaosimulia historia. Wa tatu ni hifadhidata yenyewe, ambayo pamoja na majedwali yake ina daftari dogo linaloorodhesha mabadiliko yaliyokwisha kutekelezwa. Takriban kila ujumbe wa hitilafu katika eneo hili humaanisha kwamba mashahidi hawa wametofautiana.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba kiunzi kinapoandika faili mpya hulinganisha shahidi wa kwanza na wa pili tu. Hakichunguzi majedwali halisi. Kwa hiyo mtu akiingia katika hifadhidata na kuongeza safu kwa mkono, historia haina habari. Siku kiunzi kitakapojaribu kuongeza safu hiyohiyo, hifadhidata itakataa na kusema kwamba safu tayari ipo. Mtu akiambiwa, kinyume chake, kwamba safu haipo, mara nyingi ni kwamba faili iliandikwa lakini haikutekelezwa. Ipo amri ya kuorodhesha yaliyotekelezwa na yasiyotekelezwa, na ipo ya kuonyesha maagizo halisi yatakayopelekwa kwa hifadhidata kabla hayajapelekwa. Amri hizo mbili hazibadilishi kitu. Ndizo za kuanza nazo.

Hitilafu ya pili hutokana na safu mpya isiyoruhusiwa kuwa tupu. Kiunzi humwuliza mtayarishaji: walioandikwa zamani wapewe thamani gani? Mwenye haraka huandika lolote ili apite. Akiandika namba ya wadi ya kwanza katika orodha, wanafunzi wote wa wadi saba wanageuka kuwa wa wadi moja, na hakuna ujumbe wowote wa hitilafu utakaotokea. Uongo umeingia kwa adabu. Safu tupu ingesema kweli kwamba habari haijapatikana.

Ya tatu hutokea watu wawili wanapofanya kazi bila kushauriana, kila mmoja akaandika faili inayoendeleza historia kutoka hatua ileile. Historia inakuwa na ncha mbili, na kiunzi hukataa kuendelea. Ipo amri ya kuziunganisha, lakini inafaa baada ya wawili hao kusoma kila mmoja alichoandika mwenzake, kwani ncha mbili zinaweza kuwa zinadai mambo yanayopingana.

Ya nne ni kazi kukatikia njiani, kwa mfano umeme unapozimika. Hifadhidata ya PostgreSQL inaweza kuyachukua mabadiliko ya skima kama tendo moja: yatimie yote au yasitimie kabisa. Hifadhidata ya MySQL haiyafungi mabadiliko ya namna hiyo pamoja, hivyo hatua tatu kati ya tano zinaweza kubaki zimefanyika na daftari lisionyeshe lolote. Katika hali hiyo baadhi ya watu hukimbilia amri ya kuandika katika daftari kwamba kazi imefanyika bila kuifanya. Amri hiyo ina mahali pake, yaani pale ambapo mtu amehakikisha kwa macho kwamba majedwali tayari yako sawa. Vinginevyo ni kutia sahihi daftari la mahudhurio kwa niaba ya mtu ambaye hayupo darasani.

Kwa nini Kiswahili?

Kuna watakaouliza: wenye kufanya kazi hii si wamesoma, na Kiingereza si wanakijua? Hoja hiyo ina nguvu na haifai kupuuzwa. Hata hivyo, kujua Kiingereza cha mtihani si sawa na kuelewa, usiku wa manane, sentensi fupi ya kiufundi yenye masharti mawili na ukanushaji ndani yake. Isitoshe, anayejua maana ya tarafa na wadi mara nyingi si mtayarishaji wa programu. Ni karani, ni chifu, ni mwalimu wa shule ya Malava au Butali. Ili mtayarishaji aweze kumwuliza swali lililo sahihi, lazima kazi yenyewe iwe na lugha ambayo wote wawili wanaizungumza. Katika eneo ambalo Lukabarasi, Lutachoni na lugha nyingine hukutana sokoni na ofisini, lugha hiyo ni Kiswahili, ambacho Katiba ya 2010 inakitambua kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha mbili rasmi.

Wengine watasema kwamba dawa ni kuzitafsiri jumbe zote. Hapa tahadhari inahitajika. Django tayari ina tafsiri ya Kiswahili kwa maneno mengi yanayoonekana na mtumiaji wa kawaida. Lakini amri za kugeuza skima huzima tafsiri kwa makusudi, ili maneno ya lugha moja yasije yakaandikwa ndani ya faili za mabadiliko na kuleta tofauti zisizo za kweli kati ya tarakilishi moja na nyingine. Sababu hiyo ni nzuri. Aidha, ujumbe wa Kiingereza ukibaki ulivyo, mtu anaweza kuutafuta na kupata msaada wa wenzake duniani kote. Kwa hivyo kinachotakiwa si kuubadilisha ujumbe bali kuuandikia sherehe: maelezo ya Kiswahili yanayouweka ujumbe kama ulivyo, kisha yanasema maana yake, sababu zake, hatua za kuchukua na hatua za kuepuka. Fasihi ya Kiswahili ina mapokeo marefu ya kusherehesha tenzi za kale kwa wasomaji wa sasa. Ujuzi huo haujapitwa na wakati.

Hata istilahi yenyewe inahitaji kutazamwa upya. Kiingereza huita kazi hii kwa neno la kuhama, na tafsiri ya harakaharaka ni uhamishaji. Mtu anayehama Kabras kwenda Kitale huacha nyumba nyuma. Akikwama njiani anaweza kurudi. Anayesikia uhamishaji ana haki ya kudhani kwamba habari zinapelekwa kwingine na kwamba za zamani zimebaki. Sivyo. Nyumba ni ileile na nguzo zinang'olewa humohumo. Anayedhani kuna nyumba ya zamani haoni haja ya kuweka nakala ya akiba kabla ya kuanza. Ugeuzaji wa skima ni istilahi isiyo na madoido, lakini haimdanganyi mtu kuhusu hatari iliyopo. Istilahi njema ni ile inayomwonya mtumiaji wake.

Hitimisho

Vyama vya Kiswahili vyuoni vimekuwa vikilalamika, na kwa haki, kwamba idara za sayansi haziwashirikishi. Lakini mlango wa kushirikiana si orodha ya maneno mia mbili inayopelekwa katika idara ya tarakilishi na kuachwa mezani. Mlango ni tatizo halisi. Mwanafunzi wa Kiswahili akae na mwanafunzi wa tarakilishi katika Chuo Kikuu cha Masinde Muliro mjini Kakamega, au katika chuo kingine chochote, wachague jumbe kumi za hitilafu ambazo wanaoanza hukutana nazo, na waziandikie sherehe ya kurasa chache. Kisha wampe mtu wa tatu aliyekwama, waone kama amekwamuka. Asipokwamuka, maandishi ndiyo yenye hitilafu, na yasahihishwe.

Kazi ya namna hiyo haitaleta sifa nyingi. Haitamaliza ubishi wa tarakilishi na kompyuta. Lakini siku kiunzi kitakapomwuliza kijana wa Malava kama wadi ni jina jipya la tarafa, atajua kwamba ameulizwa swali la maana, na kabla ya kugusa kitufe cha Enter atampigia simu mtu anayejua kata ile iko wadi gani.